Ukoo wa Bibi, Kibokoni: nauli ya Salma

[07:40] Shangazi Rukia: Assalam alaykum jamaa. Salma amepata! Ufadhili wa serikali ya Hungaria, shahada ya pili ya kufundisha muziki, Taasisi ya Kodály, mji wa Kecskemét. Karo, malazi, bima, vyote wanalipa. Nauli hawalipi. Narudia, NAULI HAWALIPI. Masomo ni Septemba.

[07:42] Shangazi Rukia: Tiketi elfu 85, kwenda tu. Na bado kuna treni ya Nairobi kufuata viza ubalozini. Kila nyumba elfu 8, M-Pesa yangu, mwisho Ijumaa.

[09:15] Swaleh: Mashallah 🎉🎉 huko kuna pilau lakini?

[09:16] Mama Nadya: Atabeba viungo. Mumnunulie na sweta, msisahau ya Badi na lile koti

[09:16] Swaleh: 😂😂😂 koti!!

[09:20] Shangazi Rukia: Jamani TIKETI.

[11:02] Ami Athmani: Si atapewa posho? Ajilipie polepole.

[11:05] Shangazi Rukia: Posho ni forinti 43,700 kwa mwezi, zetu haifiki elfu 20, na anaipata akishafika. Ndege ataipandia nini, kaka?

[11:09] Ami Athmani: Kuimba nako kwataka ndege?

[11:14] Salma: Shikamoo Ami. Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria, alitaka mtoto aanze kwa sauti yake na nyimbo za kwao, ala zije baadaye. Mimi darasani nina watoto 60 na kinanda kimoja kibovu. Nyimbo za michezo wanazijua tele. Ninachofuata ni njia ya kuwafundisha kuzisoma na kuziandika.

[13:30] Mama Nadya: Mohammed Ibrahim wa Unguja alitumwa Misri na Sayyid Barghash akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi. Yeye alikuwa na sultani, Salma ana sisi.

[13:33] Ami Athmani: Marehemu Baba naye alikuwa na fidla. Aliyeiuza akaendea Maskati anajijua. Aanze yeye kuchanga.

[13:34] Swaleh: 🙊

[13:50] Shangazi Rukia: Kaka, hayo si ya hapa.

[14:10] Ami Hemedi: Athmani, mpaka leo?

[16:45] Nadya: Niko na Bibi, nimemsomea yote. Amesema niandike hivi hivi: "Fidla nilimpa mimi kwa mkono wangu. Anayeidai aje anidai mimi. Baba yenu kapigia harusi za watu umri wake wote, hakuna aliyempeleka popote kusoma, na alitaka. Mtoto huyu akikosa ndege kwa maneno yenu, Idi msije kunisalimia."

[16:58] Ami Athmani: Nimesikia Mama.

[17:40] Ami Hemedi: Naam Mama. Rukia, nitakupigia usiku.

[17:44] Shangazi Rukia: Mpaka sasa nyumba 3 tu. Tuonane kwa Mama Jumamosi baada ya Alasiri. Mnaosoma mkanyamaza nawaona.

[20:05] Mwanaidi: Jumamosi tuko harusini Lamu

[20:06] Shangazi Rukia: Jumapili basi?

[22:31] Swaleh: Jumapili mpira. Natania Shangazi, natuma nikilipwa mshahara

[22:32] Shangazi Rukia: Unalipwa lini?