Mtoto kaandika 81, mwalimu kataka 80: nani kakosa?

Mama Mahamri, Langoni:
Assalaam alaykum jamaa. Nisaidieni kabla sijaenda shuleni nikagombana na mtu. Kijana wangu yuko gredi ya nne. Jana kaleta daftari, swali lasema "Kadiria 48 + 33". Yeye kaandika 81, kapigwa kosa kwa kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa 80. Nikatoa kalkuleta ya simu: 81! Kufika usiku keshafuta 81 kaandika 80, kafuta 80 karudisha 81, mpaka karatasi imetoboka. Hivi twawapeleka shule wakafunzwe kukosea? Mtoto bado hajashika kujumlisha vyema, huku kukadiria ni kwa nini?

Chaki Mkononi:
Waalaykum salaam dada. Mimi hufunza, ingawa si shule hiyo. Swali halikuuliza jumla ni ngapi. 48 iko karibu na 50, 33 iko karibu na 30, hesabu ya kichwani ni 80. Faida yake ni hii: ninao watoto darasani ambao 8 na 3 wakipata 11 huiandika 11 nzima, 4 na 3 wakaandika 7 mbele yake, jibu 711, daftari likafungwa wakaenda mpirani. Anayejua kuwa jibu ni themanini na ushei ataiona 711 ashtuke. Shida ni wazazi wa siku hizi mmezoea simu iwafikirie.

Mama Mahamri, Langoni:
Simu inifikirie mimi? Mwalimu, kila alfajiri nina watu thelathini mlangoni, huyu mahamri matano na mbaazi, huyu kumi bila mbaazi, huyu ana noti ya elfu, na chenji naitoa kichwani mkono mmoja uko kwenye karai. Kalkuleta nimeitoa mara moja tu, kwa sababu mtoto alikuwa analia. Usinijue kwa hilo.

Kijana wa Mkunguni:
Walimu wa siku hizi na midomo yao. Pole dada.

Mzee Boriti:
Wanangu, kukadiria hakukuja na gredi. Sisi boriti za mikoko twalizihesabu kwa korija, ishirini ishirini. Lundo waliangalia kwa mato, wasema "korija tatu", kisha ndipo wahesabu, na ukikosa ni kwa moya au mbili. Mafundi wa Matondoni, hapa Lamu, huunda jahazi bila mchoro, kwa ito tu. Lakini sikilizani muno hapa: ito langu halikujua siku ya kwanza. Nalihesabu moya moya miaka mitatu kabla sijaaminiwa kutaja lundo. Mtoto mupeni vitu ahesabu kwanza. Asije akawa kama wauza samaki wa Malindi, kilo yao yaitwa kilo kwa heshima tu.

Mmalindi Asilia:
Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa nasoma kimya, lakini hilo la kilo utalitolea ushahidi. Mizani yangu imekaguliwa na muhuri inao. Nyinyi Lamu samaki mwauza kwa mtungo, na mtungo wa watano huwa wanne na mkia.

Kijana wa Mkunguni:
Waliompa Vasco da Gama rubani 1498 leo watatufunza uaminifu 😂

Mmalindi Asilia:
Rubani huyo alimvusha hadi Bara Hindi kwa kupima nyota kwa vidole! Nyinyi mwavuka hapo ng'ambo tu, Mokowe, kwa injini mbili na bado mwachelewa. Ibn Majid huyo, kasome.

Mpenda Lugha:
Si Ibn Majid. Jina hilo hutajwa sana, lakini wanahistoria wengi wameshalikataa.

Mmalindi Asilia:
Awe nani awe nani, alipanda chomboni Malindi.

Chaki Mkononi:
Jamani turudi. Ila huo wa vidole ni mfano mzuri. Manahodha walikuwa na kibao chenye kamba ya mafundo, wakiuma kamba meno wakapima nyota iko vidole vingapi juu ya upeo wa bahari. Kidole kilikuwa kipimo kamili, kila nahodha alikijua. Hakuna aliyebahatisha.

Mama Mahamri, Langoni:
Mwalimu umezungumzia nyota, la simu umeliruka.

Mpenda Lugha:
Mnachanganya vitu viwili. Kuraundi, yaani kuipeleka namba kwenye kumi au mia ya karibu, kuna kanuni. 48 kwa kumi la karibu ni 50, basi, hakuna mjadala. 45 iko katikati kabisa, tumekubaliana tu ipande, na wapo duniani wanaoipeleka kwenye kumi lililo shufwa, ikawa 40. Kukadiria hakuna jibu moja. 80 ni sawa, "themanini na kitu" ni bora kuliko 80, na 75 si dhambi. Swali limeandikwa kadiria, mwalimu kasahihisha kuraundi. Wazee wetu siku kumi kumi za mwaka wa Nairuzi, kalenda ya jua ya Waswahili, waliziita miongo, ni 36 na siku tano juu. Mwongo huo si mwongo mwingine, ingawa katika daftari hilo wanafanana.

Kijana wa Mkunguni:
Kwa hiyo 81 ni sahihi?

Mpenda Lugha:
81 si makadirio. Ni kama mtu akuulize kwa macho jamvi lile lina urefu gani, nawe ukaenda kuleta futi.

Kijana wa Mkunguni:
Na nikiwa na futi mfukoni?

Mama Mahamri, Langoni:
Hapo umesema. Halafu mbona huku kuraundi kwenu humpendelea mwenye duka? Kuna duka hapa mjini, ya 47 nalipa 50, sawa, ndiyo kanuni. Ya 42 natoa 50, nalipa 45! Nane yangu hurudi shilingi tano na peremende. Kwa kanuni yenu si ingekuwa 40?

Kijana wa Mkunguni:
Mimi peremende ninazo bakuli zima nyumbani. Siku nitawalipa unga kwa peremende zao.

Mzee Boriti:
Yeo ndio mumesema la maana.

Mmalindi Asilia:
Na duka hilo liko Lamu. Andikeni hivyo, liko Lamu.

Chaki Mkononi:
Nakubali kanuni ikifunzwa peke yake huharibu. Nina mtoto nilimpa 347 kwa mia ya karibu. Kapeleka kwanza kwa kumi, 350, halafu 350 kaipandisha 400. Kila hatua kafuata kanuni, na jibu ni 300. Nilimchorea mstari wa namba ndipo akaona 347 iko upande gani wa 350. Mtoto wa dada huyu ningemwambia: 81 yako ni nzuri, sasa nionyeshe ungepataje namba iliyo karibu nayo bila kalamu. Nisingempiga kosa. Na lile la simu dada, ulimi uliteleza.

Mama Mahamri, Langoni:
Nimelipokea. Jana usiku nimemtia kijana kwenye kazi. Karai limejaa, nikamuuliza, bila kuhesabu, mangapi haya? Kasema arubaini. Tukayahesabu kwenye sinia, 37. Kaniuliza, "Mama, sasa niandike ngapi?" Nikamwambia ale moja kwanza.

Mzee Boriti:
Arubaini kwa thalathini na saba! Huyo mleteni kwenye boriti.

Mmalindi Asilia:
Na hayo 36 ya Lamu yaliyobaki, mlangoni yatauzwa kama mangapi?