Marangu, Meru au Lenana: sisi tusio na mazoezi tuanze na upi?

Bint Tabata
Wakuu, habari za humu. Nina miaka 39, kilo 94, kazi yangu ni ya kukaa kutwa, na nikipanda ngazi za ghorofa tatu nafika juu nahema. Tuko wanne kazini, tumeshaanza kuchanga ili twende Februari mwakani. Shida ni wapi. Mmoja anataka Kilimanjaro moja kwa moja kwa njia ya Marangu. Mwingine anasema tuanze na Meru kwa kuwa ni mfupi. Wa tatu ana shemeji Nairobi, anatuvutia Mlima Kenya, kilele cha Lenana. Mimi nitafurahi na wowote, ila sitaki kurudishwa njiani baada ya mwaka mzima wa kujinyima. Waliofika naombeni ushauri.

Chuma cha Pwani
Marangu siku tano, msihangaike. Mnalala kwenye vibanda vyenye vitanda, hakuna habari za hema kulowana. Mimi nilifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwa siku tano na sikuwa na mazoezi ya maana. Siku ya sita ni gharama tu: ada ya hifadhi, chakula, malipo ya wapagazi.

Mgumu wa Marangu
Chuma, hongera kwa kufika, lakini ushauri huo usimpe mgeni. Nilibeba mizigo njia hiyo miaka sita kabla sijaanza kuongoza.

Angalieni hesabu. Geti la Marangu liko kama mita 1,870, kisha vibanda vya kulala: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na kilele 5,895. Ukishavuka mita 3,000, watu wa afya wanashauri mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Marangu inakupandisha mita 1,000 kwa mkupuo. Ile siku ya sita ndiyo ya kulala Horombo mara mbili: asubuhi mnapanda hadi kwenye yale mawe yenye mistari ya pundamilia, mnakaa kidogo, mnarudi kulala palepale. Mwili unapata nafasi ya kuizoea hewa. Kama pesa haitoshi siku sita, subirini mpaka itoshe.

Na dada, uzito wako usikutishe sana. Nimeshusha vijana wanaokimbia kila alfajiri kwa sababu siku ya kwanza walitangulia mbele kama wanashindana. Nimemfikisha mama mnene wa makamo aliyetembea kama anayesindikiza jeneza, hatua moja, pumzi moja. Pale Kibo saa sita usiku, kabla ya kuondoka, huwa namtazama mgeni anavyofunga viatu. Aliyeingiwa na ugonjwa wa mwinuko hushika kamba, hufanya kitanzi, kisha mikono inasimama, hajui kinachofuata. Huyo simpandishi hata akilia. Anashuka usiku uleule.

Nanyuki Juu
Mimi bado ningewaleta Lenana. Ni mita 4,985, karibu mita 900 chini ya Uhuru, na tofauti hiyo utaisikia kichwani. Njieni kwa njia ya Sirimon: geti mita 2,650, kisha kambi za kulala, Old Moses 3,300 na Shipton's 4,200. Siku ya kwanza ni kilomita 9 za barabara, hata asiye na mazoezi anaziweza. Ila msikubali ratiba ya kulala Old Moses usiku mmoja tu, laleni mbili. Mimi nililala mmoja, nikafika Shipton's kichwa kinagonga, chakula sikitaki, na maji ya chupa yakaganda kando ya kitanda. Njia ya Naro Moru iacheni, kuna matope ya kumaliza miguu kabla hujafika popote.

Mgumu wa Marangu
Nanyuki, hapo nakubaliana nawe. Meru ndiyo wasidanganyike nayo. Ni mita 4,566 kweli, lakini unaanzia geti la Momella kwenye 1,500. Kati ya vibanda vya Miriakamba na Saddle ni ngazi juu ya ngazi, na usiku wa kilele mnapita ukingoni kwenye miamba. Ni mlima mzuri mno, mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Kwa kuzoesha mwili kabla ya Kilimanjaro hauna mfano. Kwa magoti ya mgeni, hapana.

Nesi wa Zamu
Naongeza mawili. Kileleni Uhuru kanieneo (mgandamizo) ya hewa ni kama nusu ya ile ya Dar, na mazoezi peke yake hayakukingi na hilo. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, husaidia, lakini muulizeni daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. La pili watu wetu hawaliulizi: selimundu. Mgonjwa wa selimundu asipande kabisa. Anayebeba kinasaba tu bila kuugua anaweza kuumia wengu huko juu, kwa hiyo pimeni wote wanne kabla ya kulipa.

Bint Tabata
Asanteni sana jamani. Nimewasomea wenzangu uzi mzima. Tumekubaliana Lenana kwa Sirimon, usiku mbili Old Moses, na Marangu siku sita mwaka unaofuata. Kesho tunaenda kupima. Jumamosi hii tunaanza vilima vya Pugu, mwezi ujao Uluguru. Swali la mwisho: viatu vipya au vya mtumba?

Mgumu wa Marangu
Vyovyote, ila uwe umevitembelea mwezi mzima na nafasi ya kidole ibaki mbele. Kupanda hakuumizi vidole, kushuka ndiko. Mwaka huo wa Marangu mtatoka Uhuru kulala Horombo siku hiyohiyo, mita 2,175 za kushuka. Kata kucha siku mbili kabla.