"Hiyo mbili ameitoa wapi?" Ticha wa tuisheni kanidhalilisha mbele ya darasa zima!

Wakuu, nimetoka tuisheni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji jina. Aliyesoma hisabati ya advansi Arusha hii anamjua, yule wa koti hata jua likiwa la kuua ng'ombe.

Swali: unda mlinganyo wenye mizizi ½, −2 na 3, yaani namba ambazo ukiziweka kwenye x unapata sifuri. Nikaandika (2x − 1)(x + 2)(x − 3) = 0, nikafungua mabano, nikapata 2x³ − 3x² − 11x + 6 = 0. Akaliinua daftari langu juu, kosa la peni nyekundu linaonekana mpaka kileleni Meru, akauliza darasa: "Hiyo mbili ya mbele ameitoa wapi huyu?"

Wakacheka. AMEITOA WAPI!

Imetoka kwenye nusu, ticha! Karatasi yake ina x³ − (3/2)x² − (11/2)x + 3 = 0. Si azidishe yote kwa 2 aone? Weka 3 kwenye wangu: 54 − 27 − 33 + 6. Sifuri! Zidisha hata kwa milioni, mizizi haihami. Na swali halikusema x³ isimame peke yake. Wamenicheka hadi wasiojua kufungua mabano! "Ameitoa wapi!"

Chalii wa Sakina: Pole arifu. Ila kiherehere chako nacho. Ungempa sehemu zake upate maksi.

Mama K: Mwanangu, ulimwamkia kwanza kabla ya kubishana?

Mleta uzi: Nilimwamkia mama! Akaitikia marahaba, ndipo akauliza mbili nimeitoa wapi!

Soweto Moshi: Mabano ya nini? Jumla ya mizizi 3/2, ukizidisha miwilimiwili ukajumlisha −11/2, yote mitatu −3. Geuza alama ya kwanza na ya tatu, kwisha. Mfaransa Viète alishayamaliza hayo karne ya 16. Halafu wewe wako anasahihisha. Wa kwetu anauza pamfleti tu, majibu ya nyuma yamekosewa.

Chalii wa Sakina: Bei gani hizo pamfleti?

Soweto Moshi: Usiulize. Usiponunua unakaa dirisha lililovunjika, vumbi lote lako.

Kijenge Juu: Nyie mna dirisha? Sisi bati limeezuliwa upande mmoja na ada kapandisha.

Mama K: Ada imepanda lini tena? Nina wawili hapo!