Kikundi: WANA WA BIBI, CHUMBAGENI

*Alhamisi*

Shangazi Zuhura, 07:12
Asalaam alaykum wana wa Bibi. Arusi Jumamosi na watu tisa hawajatoa mchango, hilo nitalirudia. Sasa hivi ni Bakari, anakuja na mama yake kwa basi la kesho. Someni mpaka mwisho.

Shangazi Zuhura, 07:15
Ana miaka 14 sasa, si mtoto wa kuitwa "kababy". Haongei kwa mdomo, ila anaelewa. Msalimie yeye mwenyewe, si kumuuliza mama yake "huyu hajambo?" naye kasimama hapo. Ukimuuliza kitu, nyamaza, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Usirudie swali, ukirudia anaanza upya.

Shangazi Zuhura, 07:16
Na ule ubao wa picha anaovaa shingoni ASIUGUSE MTU.

Mjomba Salim, 07:40
👍

Shangazi Zuhura, 07:41
Salim, nimesema nini?

Mjomba Salim, 07:58
Nimesoma dada. Ila kumi ni nyingi, mimi mke wangu hanipi hata mbili 😂

Hamisi, 07:59
😂😂 Hamia kwa Bakari mjomba

Mama Bakari, 09:30
Ahsante wifi. Ila sijui kama tuje. Yale ya Muheza sijayasahau.

Shangazi Mwajuma, 11:02
Muheza tena? Mtoto anapiga kelele mbele ya wageni, mlitaka tufanyeje? Na hizo picha ndizo zinazomfanya asijifunze kusema.

Mama Bakari, 11:10
Alionyesha kadi ya kelele na kadi ya nje. Mara tatu. Akanyang'anywa ubao, akafungiwa chumbani. Nilimkuta amekaa sakafuni, kamba imekatika. Kadi ya maji mpaka leo haijaonekana.

Hamisi, 11:13
*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Zuhura, 11:14
Nimeuona kabla hujafuta Hamisi. Si mahali pake.

Asha Mwalimu, 12:20
Nilikuwa darasani. Ma'mdogo Mwajuma, picha na tableti hazizuii mtoto kusema, hilo limeshachunguzwa. Wengine husema zaidi wakishakuwa nazo. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, Tanzania iliuridhia 2009, unayahesabu hayo kuwa mawasiliano. Ukimvua ubao umemziba mdomo. Akitikisa mikono au akiguna msimshike, anajituliza. Na asipokutazama usoni haina maana kwamba hakusikii.

Bibi, 15:31
🎤 Ujumbe wa sauti (0:52)

Rukia, 15:40
Nawaandikia wasio na bando. Bibi anasema: "Bakari nimekaa naye Ramadhani nzima. Kila alfajiri ananigonga bega mara mbili, maana yake sijameza dawa. Hajakosea hata siku moja. Aliyemfungia mlango mjukuu wangu anajijua. Aende akamwombe radhi Bakari mwenyewe, si mama yake. Kabla ya hapo mimi ukumbini siingii."

Mjomba Salim, 17:05
Tumekusikia mama.

Shangazi Zuhura, 17:20
Haya. Chumba cha nyuma kiwe chake, mlango wazi, aingie na kutoka apendavyo. Spika zisielekee huko. Salim, ongea na dijei.

Mjomba Salim, 17:48
Nitaangalia.

Shangazi Zuhura, 17:49
Utaangalia au utaongea?

Hamisi, 19:30
Bi Mkubwa nisamehe kwa ile ya asubuhi. Nitawapokea stendi mimi.

Shangazi Mwajuma, 21:47
Basi lao linafika saa ngapi?

Mama Bakari, 22:15
Saa kumi jioni, kama tutakuja. Nimemuuliza. Ameonyesha Bibi, kisha kelele, kisha akaufunga ubao. Sitamlazimisha. Nitamuuliza tena asubuhi.

Shangazi Zuhura, 22:16
Muulize. Mwambie na chumba kipo.

Mjomba Salim, 22:40
Dijei hapokei simu.

Shangazi Zuhura, 22:41
Endelea kupiga.