Tupeane uzoefu: kuziba maungio ya jipsam mwenyewe bila fundi

Kijana wa Fuoni: Asalaam alaykum wakubwa. Siling ya jipsam chumba kimoja nshaifunga, skrubu zote zimezama kidogo bila kuchana karatasi, yamebaki maungio. Bei ya fundi staki hata kuitaja. Nani kashajifanyia?

Mtu wa Wete: Waalaykum salaam. Mie sebule nzima nimefanya mwenyewe. Tizama bodi zako, ubavu mrefu umebonyea kidogo, pale ndo tepu na pauda ya kuzibia vinapata pa kukaa. Upande mfupi haujabonyea, zikikutana mbili pale tanua pauda sana huku na huku mpaka kile kilima kipotee, la sivyo kila ukiwasha taa utakiona. Mkono wa mwanzo, yaani tabaka la kwanza la pauda, jaza ufa ulaze tepu, wa pili upite upana wa ule wa mwanzo, wa tatu mwembamba tu wa kulainisha.

Ukhti Bububu: Na pauda ya mfuko haingoji mtu jamani, unakoroga ndoo nzima unajiona bingwa, ukigeuka ishaganda. Koroga kidogo kidogo, ndoo na skrepa uoshe kila mara maana yale mabaki makavu yanaifanya mpya igande haraka zaidi, na ikishaanza kuganda usiongeze maji, mwaga. Tepu mie natumia ya nyavu, inajibandika. Ya karatasi bila pauda ya kutosha chini yake inatoa malengelenge.

Kijana wa Fuoni: Kuna ya kopo imeshachanganywa, nimeona rahisi.

Mtu wa Wete: Ya kopo inakauka kwa hewa, sasa masika haya na unyevu wetu huu utaingoja mpaka uchoke. Ya mfuko inagandishwa na maji unayoikorogea, mvua haiizuii. Lakini kabla ya rangi nayo iache ikauke kweli kweli. Na ukishika nyavu, mkono wa mwanzo uwe wa mfuko, ina nguvu zaidi.

Babu Chake: Nyote mmesahau taa! Zima ya juu, washa ya simu uilaze ubavuni mwa siling, kila nundu itajitokeza yenyewe. Msasa namba 120, umalizie na 220, polepole usifike kwenye karatasi ya bodi. Na barakoa vaa, vumbi lile baya mno, mke wangu alinitoa ndani na makochi yake.

Kijana wa Fuoni: 😂 Shukran Babu. Kesho Darajani inshallah, nani anajua duka lenye tepu ya nyavu?