Naombeni ushauri: niendelee kujifunza Go kwa programu au nitafute watu?

Kete_Nyeusi: Wakuu, habari zenu. Go, mchezo wa ubaoni wa kupanga kete na kuzingira eneo, umeniingia damuni na nataka kukua kweli. Kila nikimaliza mchezo naupitisha kwenye KataGo, programu ya kompyuta inayocheza na kuchambua Go. Inanionyesha kete ipi iliniangusha, ila haisemi kwa nini. Nikicheza nayo inanichapa hata ikinipa kete tisa za kuanzia. Nifanyeje?

Mzee_wa_Kona: Mkuu, usiiache. Nguvu yake ni kuona ubao mzima. Sisi tunang'ang'ania ugomvi wa kona moja. Yenyewe inauacha nusu na kwenda penye faida kubwa zaidi. Seoul, Machi 2016, programu ya AlphaGo ilimfunga Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, 4-1. Mchezo wa pili, kete yake ya 37 ilitua mstari wa tano kutoka ukingoni, wachambuzi wakadhani imekosea. Kumbe ndiyo iliyokuja kuubeba mchezo.

Ubao19: Sawa, lakini mchezo wa nne Lee alipachika kete ya 78 katikati, programu ikavurugika na kucheza ovyo mpaka ikasalimu amri. Na 2023 Kellin Pelrine, ambaye si mchezaji wa kulipwa, aliifunga KataGo michezo 14 kati ya 15. Unaiacha izingire kikundi chako kidogo hadi kundi lake liwe duara, kisha unalifunga duara hilo kwa nje polepole huku ukiichokoza pembe nyingine. Haishtuki mpaka nafasi za kupumua, yaani nafasi wazi zinazogusana na kundi lake, zimekwisha. Mbinu hiyo iligunduliwa na programu nyingine iliyofunzwa kuwinda udhaifu.

Kete_Nyeusi: Kwa hiyo nijifunze mtego huo?

Ubao19: Hapana, ndugu yangu. Binadamu wa kawaida angeuona mapema, hautakufaa mbele ya watu.

Mzee_wa_Kona: Asilimia za ushindi ambazo programu inakuonyesha zisikutishe, angalia pointi ulizopoteza. Programu nyingi zikishaongoza hazijali zimeshinda kwa pointi 20 au nusu pointi, zinachagua njia salama, kwa hiyo usiige umaliziaji wao kichwakichwa. Swali lako la "kwa nini" lina dawa: rudi kwenye kete iliyokosolewa, endelea kucheza pande zote mbili kama unavyodhani, uone programu inakuadhibu wapi. Ikikata kundi lako vipande viwili, jibu umelipata. Pitia makosa makubwa mawili matatu tu kwa kila mchezo, halafu nenda kacheze na watu wanaokuzidi kidogo.

Kete_Nyeusi: Nashukuru sana wakuu. Leo naanza na mchezo wa jana.