Duma mpweke au tunamsingizia?

MZEE WA NAABI: Wakuu, hili tulimalize leo. Kila muongoza watalii anakwambia paka wa porini ukimtoa simba wote wanakaa kivyao. Sasa wale madume watano wa Maasai Mara, Tano Bora, walizunguka pamoja miaka wakawa wanaangusha hadi nyumbu, hao ni wapweke au ni kijiwe?

BINTI TANGA: Chui hao wananitishaga mie

KAMBA MBILI: Dada hao DUMA. Duma ana michirizi ya machozi usoni, chui madoa yake kama maua. Mmeenda shule kufanya nini?

BINTI TANGA: Kula chakula cha mchana. Haya endelea profesa

MKARATU: Kijiwe ni cha madume tu, mara nyingi ndugu wa tumbo moja, wanashika eneo pamoja. Jike yuko peke yake, analea mwaka na nusu hivi, dume likishapanda hulioni tena. Kama kwetu tu 😂

BINTI TANGA: Kama kwetu tu unacheka nini? Mie nimelelewa na mama peke yake, anakaanga mihogo alfajiri mpaka nikamaliza fomu foo, huyo unayemcheka ni nani kwako?

MKARATU: Mbona moto, nimeongelea duma

KAMBA MBILI: Halafu msimwonee huruma sana huyo jike, Serengeti walishapima vinasaba wakakuta watoto wa tumbo moja baba tofauti

BINTI TANGA: Kwa hiyo sasa jike ndo malaya? Dume likizurura ni dume, jike akichagua mnaleta vipimo!

KAMBA MBILI: Sijasema hilo neno, umelisema wewe

PWANI HALISI: Turudi kwenye mada jamani. Kuna mtafiti Elbroch, 2017 hivi, aliwafuatilia puma, paka wakubwa wa porini, kule Wyoming Marekani, akakuta wanakaribishana kwenye mzoga, na ukimkaribisha mwenzio leo na yeye kesho anakukaribisha. Na puma ndo tulikuwa tunaambiwa mpweke kabisa

MKARATU: Puma huku kwetu tunavijua viatu tu mkuu

MZEE WA NAABI: Basi tukubaliane, jike la duma mpweke, dume si lazima?

BINTI TANGA: Ana watoto wanne nyuma yake unamwita mpweke? Kwanza Mkaratu aombe radhi

MKARATU: Nimwombe nani, duma?

BINTI TANGA: Mama yangu. Bado anauza mihogo, nenda na hela.